Amekwenda Kwao

Mawingu yalikuwa yamejipanga upande wa mashariki tangu alfajiri, mazito, yamenuna, kama wageni waliobisha hodi na hawajasikia karibu. Chiriku aliyatazama kupitia dirisha la jikoni kwa mama mkwe wake, huku mkono ukiosha kikombe kile kile ulichokwisha kukiosha.

"Hicho kikombe kimekukosea nini?" aliuliza wifi yake, aliyekuwa akichambua mchele.

"Hakijatakata."

"Wifi, kinakaribia kutoboka."

Chiriku akacheka, lakini kicheko chake hakikufika machoni. Jina la Chiriku alipewa na mumewe, kwa kuwa akianza kuongea hata ndege humpisha. Ila siku hizo alikuwa chiriku wa tunduni. Anakaa, anasimama. Analala, anageuka. Anatoka uani, ananusa hewa, anarudi ndani.

Sababu ilikuwa mvua. Kila mwaka, mawingu yakikaribia, yeye na mumewe Fundi hufunga virago wakaenda shamba, kwenye nyumba ya vyumba viwili waliyoijenga kwa mikono yao wenyewe. Huko hulima alizeti, hupalilia, huvuna. Kiangazi kikikaza hurudi mjini kwa mama, Fundi akapiga randa kwenye karakana ya marehemu baba yake, Chiriku akashona nguo za watu barazani. Shamba walikuwa mume na mke. Mjini Fundi alikuwa mtoto wa mama, na Chiriku alikuwa mke wa kaka.

Mwaka huu kulikuwa na jambo. Baba mdogo, aliyeishika karakana tangu msiba, macho yamemwisha, anataka kumkabidhi mtu. Na karakana haitaki mtu wa msimu, inataka mtu wa mwaka mzima. Mama alikwisha kumjibia mwanawe kuwa ataichukua. Fundi mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa akisema kesho kutwa.

Chiriku akaacha kikombe, akatoka uani.

Fundi alikuwa ameinamia mlango uliolazwa juu ya meza, akiusugua kwa randa. Maranda yalikuwa yamemjaa kichwani kama mvi za kuazima. Chiriku akamtoa moja, akabaki na vidole vyake pale shingoni, na Fundi akafumba macho kidogo, kama paka aliyepata jua.

"Mume wangu."

"Naam."

"Umeyaona mawingu?"

"Nimeyaona."

"Tunaondoka lini?"

"Nimalize huu mlango wa mama."

"Jana ulikuwa mlango wa stoo. Juzi wa bafuni. Nyumba hii ina milango mingi kuliko watu."

"Kesho kutwa, Chiriku."

"Hiyo kesho kutwa yako haina miguu? Mbona haifiki?"

Fundi akacheka, akarudi kwenye randa. Chiriku hakuondoka. Alimtazama yale mabega aliyoyapenda, namna yanavyopanda na kushuka, akaona wazi kuwa mtu wake yupo pale na hayupo.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," Fundi akajibu kwa mazoea, maana ndivyo walivyoanza kupendana wawili hawa, kwa kutegana.

"Ana nyumba mbili, analala kizingitini."

Randa ikasimama. Fundi hakuinua uso.

"Sijui."

"Unajua."

"Nimesema sijui."

"Basi nipe mji, nikuambie."

"Chukua huu hapa!" Fundi akasema kwa ukali ambao hata yeye ulimshtua. "Uchukue wote, na karakana yake na milango yake, uniachie masikio yangu."

Jamani, kuna maneno yakishatoka hayarudi kinywani hata uyaite kwa jina. Chiriku akaliacha lile randa la nyweleni alilokuwa amelishika vidoleni, likaanguka.

"Jibu ni wewe," akasema, akarudi ndani.

Mchana ule nyumba ilijaa. Alikuja shangazi wa Fundi, akaja baba mdogo na fimbo yake, akaja na shemeji, yaani mume wa wifi, kijana asiye na maneno aliyekuwa akifanya kazi pale karakana mwaka mzima bila mtu kumwuliza anataka nini. Wakala. Shangazi akamwita Fundi "bwana karakana", watu wakacheka. Mama akasema nyumba ya shamba itafutiwe mtu wa kuilinda, na mafuta ya alizeti si yapo madukani?

Fundi alitafuna kimya. Chiriku alimtazama aone kama atasema neno. Hakusema. Alimtazama tena. Fundi akaomba maji.

Hapo Chiriku akaweka kijiko chini.

"Mama, naomba kuaga. Kesho asubuhi mimi nakwenda kwetu."

Hata shangazi, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, alinyamaza.

Sasa sikieni neno lilivyofanya kazi. Chiriku alikuwa na nyumba moja tu moyoni, ile ya vyumba viwili shambani, yake na mumewe. Hiyo ndiyo aliyoita kwetu. Lakini mke akisema mbele ya wakwe kwamba anakwenda kwetu, baada ya siku nzima ya kununa, nani atafikiria shamba? Meza nzima ilisikia jambo moja: amechoka na ndoa, anarudi kwa baba yake.

Fundi akahisi kama mtu amemchomoa mbavu. Akamtazama mkewe. Chiriku naye akamtazama, akingoja aambiwe, twende wote. Macho yakakutana katikati ya sahani, kila jozi ikiomba kitu, na hakuna kinywa kilichosaidia.

"Kama umeamua," Fundi akasema, "nenda."

Chiriku akainama. Alichosikia yeye ni kwamba aende shamba peke yake, mume amechagua karakana.

"Mtu hazuiwi kwenda kwao," mama akamalizia, akajipakulia mchuzi.

Asubuhi yake Chiriku alitoka na begi dogo. Nguo za kazi zilikuwa shamba, na mbegu zilikuwa shamba. Fundi alipoona udogo wa lile begi akajisemea, hata vitu vyake ameona havina haja. Akajificha nyuma ya mlango aliokuwa akiufunga, akachungulia kwenye upenyo wa bawaba, akaona kitambaa cha mkewe kikipita getini, kikasimama, kikageuka. Chiriku alipogeuka aliona mlango tu. Akaenda zake.

Ile wiki ikawa ndefu kama kiangazi. Fundi alipiga simu, simu haipatikani. Alipiga tena, haipatikani. Usiku haulaliki, mchana hauendi. Misumari ilipinda mikononi mwake kana kwamba amejifunza kazi jana.

"Mwanangu," mama alimwita siku moja, "njoo uone. Huu mlango wangu umeufunga kitasa upande wa bawaba. Nifungue ukuta?"

Fundi akautazama mlango. Akaangua kicheko ambacho kilikaribia kuwa kilio, akaweka nyundo chini.

"Mama, nakwenda kumrudisha mke wangu."

"Mwache apoe huko kwao."

"Akipoa mimi nitakuwa nimeungua."

Mama akakaa kwenye ngazi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, lakini pale alionekana mdogo ghafla.

"Hukuniuliza kwa nini milango yangu inaharibika kila siku," akasema.

"Milango ya zamani, mama."

"Ya zamani wapi. Kitasa cha stoo nilikilegeza mwenyewe kwa kisu. Cha bafuni pia." Akajifuta uso kwa upande wa khanga. "Ukiondoka, nyumba hii inapiga mwangwi. Dada yako ana kwake, ana mumewe. Mimi nazungumza na masufuria. Haya, nenda. Nenda kabla sijalegeza na ngazi."

Fundi alimshika mkono, akaondoka bila hata kubadili shati.

Baba yake Chiriku alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa na kioo kimoja kirefu na benchi moja lililojaa watu wasio na haraka. Fundi alipofika, mzee alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Mwenzako umemwacha wapi?"

Fundi akaona dunia inayumba. "Kwani... hayupo hapa?"

Mkono wa mzee ukaganda hewani. "Nani hayupo hapa?"

"Chiriku."

"Binti yangu nilikukabidhi mzima, mbele ya watu, leo unakuja kumtafuta kwangu kama mbuzi aliyekata kamba?"

Benchi zima likageuka. Mteja naye akageuza kichwa chake cha nusu.

"Mzee, nimalizie mimi kwanza."

"Wewe hamia benchi. Nywele hazikimbii." Mzee akakung'uta kitambaa, akamwonyesha Fundi kiti. "Kaa."

"Baba, sikuja kunyolewa."

"Sijakuuliza. Inua kidevu."

Fundi akainua kidevu. Povu likapakwa, wembe ukafunguliwa. Mzee alikuwa na mkono mwepesi sana, na wepesi wenyewe ndio uliotisha.

"Sasa nijibu bila kutikisa kichwa. Ulimpiga?"

"Hapana!"

"Nimesema usitikise. Ulimtukana?"

"Hapana. Nilimwambia auchukue mji."

"Mji gani?"

"Alinitegea kitendawili, baba. Nikakasirika."

Mzee akaguna. "Hilo la kutegea amelirithi hapa. Aliondoka kwa maneno gani? Usiongeze, usipunguze."

"Alisema, nakwenda kwetu."

"Na simu yake?"

"Haipatikani tangu siku ile."

Mzee akafuta wembe kwenye taulo, taratibu. Kitu kama tabasamu kikaanza kutembea kwenye sharubu zake.

"Hapa kwangu mtandao unashika mpaka chooni. Muulize huyo, asubuhi amepigiwa akiwa humo."

"Kweli kabisa," mtu wa benchi akathibitisha. "Tena niliongea vizuri tu."

"Kitendawili," mzee akasema.

"Baba, jamani, sasa hivi?"

"Kitendawili!"

"Tega!" benchi zima likaitikia.

"Ni wapi simu ya binti yangu haishiki, lakini moyo wake unashika?"

Fundi akafungua kinywa, povu likamwingia. Akakiona kichuguu nyuma ya nyumba yao, kile ambacho lazima ukipande juu kabisa, usimame kama korongo, ndipo simu ikubali. Akaliona paa la bati. Akaona begi dogo.

"Shamba," akasema polepole. Kisha akaruka kitini. "Kwetu! Alisema kwetu, kwetu sisi wawili!"

"Mwenzio kasema kwetu, wewe ukasikia kwao. Hayo masikio umeazima?"

Lakini Fundi alikwisha kufika mlangoni, shavu moja safi, shavu moja lina povu.

"Rudi nikumalize!"

"Nywele hazikimbii, baba!"

Benchi likapiga makofi.

Njiani hakucheka tena. Basi lilikwenda, likasimama, likapakia magunia, likaenda, na Fundi akahesabu upya kila kitu. Siku zote hizo Chiriku yuko peke yake na shamba, akijua ameambiwa nenda. Mvua ilikuwa imeshanyesha, barabara nyekundu inateleza. Aliposhuka alitembea, kisha akakimbia, kisha aibu ikamfanya atembee tena.

Alimkuta shambani, sketi ameikunja, miguu ina tope hadi magotini. Anapiga shimo kwa jembe, anatia mbegu, anafukia kwa unyayo, anasogea. Mistari ilikuwa imenyooka nyuma yake, mingi kuliko inavyopaswa kwa mtu mmoja. Chiriku alimwona. Hakuacha.

"Shavu lako limepata nini?"

"Baba yako."

Hapo akaacha. "Ulikwenda kwa baba?"

"Nilikwenda kukutafuta. Nilidhani umenikimbia."

Chiriku akaegemea mpini wa jembe, akaelewa kipande kwa kipande, na uso wake ukapita vicheko na hasira kabla haujajua ukae wapi.

"Yaani mimi niseme kwetu, ukafikiri natafuta kitanda cha utotoni?"

"Kila mtu alifikiri hivyo."

"Kila mtu si mume wangu. Mume wangu ni wewe." Akaonyesha mistari kwa kidevu. "Nimepanda peke yangu, nikisema moyoni, basi, amechagua. Usiku nasikia mlango unagonga kwa upepo, nainuka nikidhani ni wewe. Mara ngapi mtu anaweza kuinukia upepo?"

Fundi akasogea. Chiriku akaweka jembe katikati yao.

"Usinishike kwanza. Umekuja kunichukua au umekuja kukaa?"

"Nimekuja kwako."

"Sanduku la vifaa liko wapi?"

Fundi akatazama mikono yake mitupu. "Limebaki. Nilikuja mbio."

"Mbio za kuja, au mbio za kurudi? Fundi anayehamia haachi sanduku." Akavuta pumzi. "Mimi sitaki kukukata katikati. Nakupenda, nakupenda mpaka najichukia nikikusubiri. Lakini mtu wa kizingitini simwezi tena. Ukitaka karakana, sema. Nitalia, nitanyamaza, nitajua. Ukitaka hapa, sema pia. Ila usiniambie mimi. Mimi ndiye niliyesikia kimya chako. Waambie wao."

Manyunyu yakaanza. Fundi akalitazama shamba, akamtazama mkewe, tope limemkauka shavuni kama alama ya kidole. Kuna wakati mwanamume anajua kabisa anachokitaka, na bado anaogopa kukitamka. Akageuka, akapanda kichuguu.

Simu ikaita mara moja tu.

"Umempata?" Sauti ya mama ilitoka kubwa, Chiriku akaisikia hadi chini.

"Nimempata. Hakwenda kwao, mama. Alikuja shamba."

"Kumbe hakukukimbia?"

"Hakunikimbia."

"Na mimi nimeshamwambia kila mtu!"

"Waambie amekuja kupanda." Fundi akahamishia simu sikio la pili. "Mama, mwambie baba mdogo karakana ampe shemeji. Ndiye anayeijua, ndiye anayelala nayo na kuamka nayo. Mimi nitakuja kiangazi, nitafanya kazi chini yake."

"Wewe? Mtoto wa mwenye karakana, uwe kibarua wa mume wa dada yako?"

"Ndiyo, mama."

"Marehemu baba yako..."

"Mama. Nimekaa kimya hadi mke wangu akalima peke yake. Sitaki kukaa kimya tena. Nyumba yangu ni hii. Kwako nitakuja, kila kiangazi, hadi nizeeke. Lakini naishi huku."

Mvua ikaongezeka. Fundi akakizungushia kiganja kile kisimu.

"Nimesikia," mama akasema. Simu ikakatika.

Akashuka polepole, amelowa. Chiriku alikuwa akimngoja chini.

"Amesemaje?"

"Amesema nimesikia."

"Nimesikia ya amani, au nimesikia ya vita?"

"Sijui, Chiriku. Wallahi sijui." Akajipangusa maji usoni. "Unajua alikuwa analegeza vitasa mwenyewe? Kwa kisu. Ili nisiondoke. Anazungumza na masufuria."

Chiriku alilaza jembe chini. Akamshika uso kwa mikono yake ya tope, shavu lenye ndevu na shavu lisilo nazo, akaweka paji lake la uso juu ya la mumewe. Wakakaa hivyo, mvua ikiwapiga, bila haraka ya kwenda kujikinga. Kisha Fundi akachukua jembe, akaanza kupiga mashimo, yeye anatangulia, mkewe anatia mbegu. Lakini kila akifika mwisho wa mstari aliinua macho kutazama barabara, na Chiriku alimwona.

Mistari ikaenda, ikarudi. Chiriku aliuma mdomo, akataka kusema, akaacha, akatia mbegu, akafukia. Mwisho akasimama wima.

"Mvua ikikatika nenda mjini."

Fundi akageuka kwa hofu. "Kufanya nini?"

"Kalete sanduku lako. Na umlete na mama, akae na sisi mpaka mavuno."

Fundi akamtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Vyumba viwili hivi? Na mama yangu, unavyomjua? Utaweza?"

"Sitaweza," Chiriku akasema. "Lakini mlete."